Mwaka Tuliooka Puli

Niliamini kwamba Milembe amekufa niliposhuka kwenye pikipiki pale Sapiwi nikakuta mashine yake imenyamaza. Simu nilikuwa nimeipokea tangu jana yake. Binti yake Ngollo alinieleza vizuri tu, mama amelala hakuamka, lakini mimi ni mbishi tangu kuzaliwa, jambo la kuambiwa haliniingii mpaka nilione au nilisikie. Na pale nikalisikia. Miaka yote hii ukikaribia kwa Milembe unausikia mlio kabla hujaiona nyumba, tu-tu-tu-tu juu ya mashamba ya pamba, na watu wa kule huelekezana njia kwa mlio huo: nenda mpaka uisikie mashine mkono wa kulia, ukiipita umepotea. Siku ile nilisikia majogoo, na wanawake wakipepeta mchele, na mtu akipasua kuni. Nikasimama njiani na kibegi changu, machozi yakanitoka, mimi ambaye huwa nawachamba watu wanaolia barabarani kabla hawajafika msibani.

Wengine watamkumbuka Milembe kwa uimbaji wake kanisani au kwa ulimi wake mkali. Mimi namkumbuka kwa mwaka mmoja, ule mwaka wa ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia kwa mara ya kwanza na mizani zao, na maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau kwamba vipo duniani. Nilikuwa msichana wa kuoka mikate. Ua tuliopanga pale Bariadi ulikuwa na vyumba upande mmoja, tanuru langu la udongo upande wa pili, na nyuma ya ukuta wa fito palikuwa karakana ya fundi Luhende. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, magunia ya unga, na dirisha dogo ambalo lilileta ndani kila neno lililosemwa karakanani. Sikuhitaji redio. Nilijua nani ameoa, nani amefilisika, na ng'ombe wa nani wamekula pamba ya nani, yote nikiwa nimelala chali nasubiri unga uumuke.

Milembe alifika asubuhi moja na puli ya chuma imefungwa kwenye kanga kama mtoto. Alikuwa mjane, mumewe alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka na kumwachia mashine ya kusaga, mashine ya zamani ambayo hata waliowahi kuiuza walikuwa wamekwisha kuacha kuleta vipuri vyake. Puli yake, lile gurudumu linalobeba mkanda kutoka kwenye injini, ilikuwa imepasuka vipande viwili. Luhende aliigeuzageuza, akatikisa kichwa. Chuma kile hakichomeleki, alisema, na moto wa karakana yake hauwezi kukiyeyusha. Alumini anaiweza. "Basi nitengenezee ya alumini," Milembe akasema, "na uifanye haraka, kaka, maana ukoo unakaa kikao cha urithi pamba ikishauzwa." Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na mikono yenye unga, akauliza kama kuna mahali pa kulala. Nikampa nusu ya kitanda. Sikujua kwamba atakaa humo msimu mzima, akienda kwake na kurudi.

Habari ya ukoo niliisikia kupitia dirisha, siku shemeji yake mkubwa alipokuja kumwona fundi. Aliitwa Gamaya. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima niliseme mapema, maana msimuliaji akiwa na hasira humgeuza kila mtu fisi. Alikuwa mtu wa ng'ombe, basi. "Fundi," alisema kwa sauti yake ya taratibu, "usimpe shemeji yangu matumaini ya bure. Mashine ikiwa inasaga siku ya kikao, ibaki kwake ilishe watoto, mimi mwenyewe nitamtetea. Lakini ikiwa imesimama, ni ng'ombe aliyeacha kuzaa. Hawa wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila wiki. Tutaiuza, tununue ng'ombe, tugawane." Luhende akaguna. Milembe alikuwa kando yangu kitandani anamenya karanga. Akaendelea kumenya, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kabula, ng'ombe wakishagawanywa kwenye ukoo, mjane anabaki na kamba." Nilitaka nitoke nikamjibu Gamaya. Akanishika kanga, akanirudisha chini.

Puli ya kwanza Luhende aliiyeyusha kutoka kwenye sufuria mbovu, maana ndizo zilizokuwa karibu. Aliimimina kwenye mchanga, ikapoa humohumo, akaichonga, ikang'aa mpaka tukaisifu. Ilisaga madebe machache tu ya mahindi. Kati ya puli na mhimili wa injini kuna kipande kidogo cha chuma, mafundi wanakiita ufunguo, kinakaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya puli ili viwili hivyo vizunguke pamoja. Ufunguo ule ulikuwa unaila alumini kama panya kwenye muhogo. Mfereji ukapanuka, puli ikaanza kucheza, kisha injini ikawa inazunguka yenyewe na puli inatazama. Milembe akarudi nayo kwenye kanga ileile. Aliomba maji ya kunawa, akala matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, akalala.

Luhende alikuwa mtoto wa wahunzi. Babu yake alifua majembe, baba yake alifua majembe, na yeye alikuwa amekua akijua jambo moja kwa uhakika kuliko jina lake: chuma ukikitoa motoni ukakitosa majini kinakuwa kigumu palepale. Kwa hiyo mara ya pili aliacha sufuria, akatafuta pistoni mbovu za malori ya pamba. Kitu kinachoishi ndani ya injini, alisema, kimezoea mateso. Akamimina, akavunja mchanga puli ikiwa bado moto mkali, akaitosa kwenye pipa la maji. Ua wote ulisikia ule mvumo. Akaitoa, akaiweka kwenye fuawe, akaipiga nyundo ili aonje ugumu. Nyundo ikazama. "Gashi!" akasema, kwa Kisukuma chake cha kushangaa, akapiga tena mahali pengine, ikazama tena. "Laini! Maji yameilainisha! Kitu gani hiki kinachokataa maji?" Akaitupa nje ya mlango, na akatukana pistoni, malori na waliotengeneza malori.

Mimi nilikuwa nimemaliza kutoa mikate. Kibao cha kuziba mlango wa tanuru kilikuwa kimepasuka, hakisimami, nikaiona ile puli vumbini na nikaona inafaa kuegemeza kibao kwa ndani. Nikaisukumia humo, nikafunga, nikaenda sokoni, nikasahau. Jioni Luhende aliitaka ili aiyeyushe upya. Akaipiga nyundo ivunjike vipande vidogo. Nyundo ikaruka. Mlio wake hata mimi niliusikia umebadilika, mlio mwembamba, unaolia na kukaa. Akaitazama nyundo, akaitazama puli, akanitazama mimi. "We Kabula, umeifanya nini?" Nikasema sijaifanya kitu, nimeiegemezea kibao. "Umeioka," akasema. Milembe akatoka chumbani na mwiko mkononi, akashika puli akazigusa zile alama mbili za asubuhi na ile ya jioni ambayo ilikuwa haionekani vizuri. Tulicheka sote watatu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona Milembe anacheka.

Tungeishia hapo leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini sisi ni watu wa kilimo, tunajua kwamba kidogo kikifaa, kingi kitafaa zaidi. Kama tanuru la mchana mmoja limeipa ugumu huu, Luhende akasema, likipewa wiki nzima itakuwa chuma kabisa. Mimi nikasema ndiyo. Milembe, ambaye kila kitu chake kilikuwa kimefungwa kwenye puli ile, akasema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko sisi. Tukairudisha tanuruni. Niliwasha moto wa mikate ikiwa ndani, nikauzima ikiwa ndani, nikawasha tena. Kila asubuhi tuliichungulia kama kuku anayeatamia. Wiki ilipokwisha Luhende akaipiga nyundo kwa madaha, mbele ya wateja wake wa baiskeli, ili waone maajabu. Nyundo ikazama. Haikuzama kama ile mara ya kwanza, lakini ilizama.

Chakula cha siku ile nakikumbuka: ugali wa mtama, mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Hakuna aliyekula vizuri. Wanunuzi wa pamba walikuwa wanamaliza ununuzi kule Zagayu, kikao cha ukoo kilikuwa kinakuja. Luhende alisema labda alumini ni kitu kigeugeu tu, hakina tabia, kama wanasiasa. Milembe alikuwa anachora mchangani kwa kidole. Kisha akasema, "Si kigeugeu. Kimekuwa laini, kikawa kigumu, kikawa laini. Ni kama mkate. Kuna mbichi, kuna ulioiva, kuna ulioungua. Kabula, wewe unajuaje mkate umeiva?" Nikamwambia huwa nautoa mmoja, naugonga chini. "Basi," akasema, "tutoe kimojakimoja, tugonge."

Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya, na mpaka leo sijafanya nyingine ninayojivunia kuliko hiyo. Luhende aliyeyusha tena pistoni, na pamoja na puli akamimina vijiti vidogo vya alumini ileile, akavitosa majini vikiwa moto, kama puli yenyewe. Moto wa tanuru ulikuwa kazi yangu. Mimi hupima kwa unga: natupa kiganja kimoja sakafuni mwa tanuru. Ukiungua mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mikate. Ukichelewa, na baada ya muda ukawa na rangi ya samli tu, huo ni moto wa kukausha karanga, na ndio moto uliokuwepo siku ile nilipoisahau puli. Tukaviingiza vijiti na puli kwenye moto wa samli, asubuhi, mikate ikishatoka. Kila nilipoona muda umekwenda nilitoa kijiti kimoja, Luhende akakipiga nyundo kwa urefu uleule wa mkono, na Milembe akaweka punje ya mtama kwenye shimo lililobaki. Punje ya kwanza ilizama yote. Iliyofuata ilichungulia. Ikaja iliyokaa juu kama kuku kwenye tuta, haitaki kabisa kuingia. "Tutoe puli," nikasema, maana subira si kipaji changu. "Bado kijiti kimoja," Milembe akasema. Tukatoa kijiti kingine, punje ikakaa juu vilevile. Kingine, punje ikaanza kuteremka. "Sasa," akasema, na mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kibao, naitoa puli kwa magunia, naungua vidole na kupiga kelele. Nikamwambia tumechelewa kwa kijiti kimoja. Akasema heri kujua mlima ulipo ukiwa umeshaupita hatua moja kuliko kudhani uko mbele.

Sababu yake niliijua uzeeni. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, mtu wa Mwanhuzi, mteja wangu wa mikate, alinieleza siku moja mvua imemzuia barazani kwangu. Alisema ndani ya alumini ya pistoni kuna shaba kidogo na madini mengine. Ikiwa ya moto sana, vinayeyuka humo kama chumvi kwenye mchuzi. Ukiitosa majini ghafla vinakwama vilipo, na alumini inakuwa laini. Ukiipa joto la wastani vinaanza kujitenga polepole, punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zimetapakaa kila mahali, na hizo ndizo zinazoizuia alumini isiteleze ndani kwa ndani inapogongwa. "Mayu, wewe umekulia na ng'ombe," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wachungaji wadogowadogo wengi wakitapakaa kando ya shamba la pamba, ng'ombe hapiti. Ukizidisha moto, zile punje zinafuatana, zinaungana, zinabaki kubwa na chache. Wachungaji wote wamekusanyika kivuli kimoja wanacheza bao. Ng'ombe wanapita katikati, wanakula pamba." Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha kicheko kikaniisha, maana akilini nilimwona Milembe amechuchumaa na punje yake ya mtama, hana mwalimu, hana mvua ya kumzuia barazani, ana kikao tu kinachomsubiri.

Siku ya kikao tulifika Sapiwi asubuhi, mimi, yeye na Luhende, puli kwenye kanga. Wanaume wa ukoo walikuwa wanaanza kukaa uani. Luhende akaisukuma puli kwenye mhimili, ikagoma, tundu lilikuwa limebana kwa unene wa ukucha. Mtu akirudi kwenye mazoea yake huwa hajui kwamba amerudi. Kwa wahunzi, pete ya chuma ya gurudumu la mkokoteni ikibana huchomwa motoni ipanuke, kisha huvalishwa. Luhende akasema, "Si kitu, niletee makaa," na tayari alikuwa anakoleza jiko la wapishi. Milembe akamnyang'anya puli, akaiweka chini, akaikalia. Akaikalia kweli, mbele ya mashemeji, na gauni lake la msiba. "Moto umetosha," akasema. "Huu ukiongezeka hata kidogo, wachumba wa chuma chakavu wako nje wanasubiri. Tumia tupa." Luhende akasimama ameshika makaa kwa koleo, jasho linamtiririka, kisha akayatupa. Akachukua tupa, akalisugua tundu nayo, taratibu, akipima na kusugua, na uani Gamaya alikuwa amekwisha kuanza kusema.

Nilisimama katikati ya ua na kibanda cha mashine, sikio moja huku, jingine huku. Nilimsikia Gamaya anamtaja marehemu kwa mema. Nikasikia tupa. Nikamsikia anaingia kwenye mali, mashamba, ng'ombe waliopo. Nikasikia nyundo ya mbao, tok, tok, puli inaingia. Gamaya akasema, "Imebaki mashine. Na mashine, wote mnajua, imesimama." Luhende akazungusha mpini wa injini, ikakohoa, ikafa. Hakuna mtu aliyegeuka. Akazungusha tena. Ikashika. Tu-tu-tu-tu. Milembe alikuwa amekwisha kujaza mahindi, na unga ukaanza kuanguka kwenye gunia, mweupe, una joto. Wanawake wa jirani ambao walikuwa wamechoka kutembea na vikapu mpaka mjini walianza kujitokeza kwenye mashamba, mmoja, wengine, mpaka mstari. Gamaya hakuwa mtu wa kudanganywa na mlio. Aliwaacha wasage mpaka mchana, kisha akaamuru izimwe, puli ivuliwe mbele yake, na yeye mwenyewe akaingiza kidole kwenye mfereji wa ufunguo akapapasa kingo zake. Zilikuwa kali kama zilivyotoka kwenye tupa. Akafuta kidole kwenye koti. "Wabeja, fundi," akamshukuru Luhende. Kisha akamgeukia Milembe. "Shemeji, ibaki. Lakini isisimame."

Haikusimama. Mkanda ulibadilishwa mara nyingi, injini ilibadilishwa, watoto wakasoma, Luhende akatutangulia. Puli ilibaki ileile. Kila nilipokwenda Sapiwi Milembe alinipeleka kwanza kibandani niishike, kama watu wanavyoonyeshana wajukuu.

Basi siku ile ya msiba, nilipokwisha kulia njiani, nikamtafuta Ngollo jikoni. "Nani kaizima mashine?" Akasema ni baba mkubwa Gamaya, kwa heshima ya marehemu, mashine isilie palipo na maiti. Mahindi ya msiba walikuwa wameyapeleka kusaga Bariadi. Bariadi! Nikavua viatu, nikaenda walipoketi wazee. Gamaya amekuwa mzee sana, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho, lakini sauti ileile.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

"Mwadila, mayu. Ni Kabula wa mikate?"

"Ndiye. Baba, unakumbuka ulimwambia nini shemeji yako siku ya kikao?"

Akafikiri. Wazee wengine walinitazama vibaya, mwanamke anayeleta maneno ya zamani msibani. "Nilimwambia ibaki," akasema.

"Na nini kingine?"

Mkono wake ulikuwa kwenye koti, na kidole kilekile kilikuwa kinapapasa ukingo wa mfuko. "Isisimame," akasema.

"Hajazikwa bado, baba, na mashine imesimama."

"Nilidhani ni heshima, mayu."

"Najua."

Akainua fimbo, akamwita mjukuu aliyekuwa kando ya kibanda, akamwambia awashe. Kijana akasita, akatazama watu. "Washa!" Gamaya akafoka. Ikakohoa, ikafa. Kijana akazungusha tena, ikashika. Watu wakasimama uani, wengine wameziba mdomo kwa mshangao, na Ngollo akatoka jikoni mbio, akaegemea nguzo, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mama yake alale. Jeneza likatolewa, na tukamzika Milembe mashine yake ikilia.